Kitabu Kilichochaguliwa Mchana

Jumatatu, tarehe 11 Machi 1957. Joto kali, upepo wa kaskazi umekatika. Mawingu yalijikusanya upande wa milima ya Amani tangu asubuhi, lakini mvua haikunyesha.

Siku hiyo ndipo Bi Semeni binti Sadalla alipochagua kitabu. Alikuwa mwalimu wa wasichana wadogo pale Nguvumali, katika chumba cha udongo chenye paa la makuti kilichopakana na darasa langu la wavulana. Ukuta uliotutenga haukufika juu, kwa hiyo kila alichokisema darasani nilikisikia.

Alikuwa mwembamba, wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Mtang'ata, kusini mwa mji. Aliolewa, akaachwa bila mtoto, akarudi kwa baba yake, na huko ndiko alikopata moyo wa kusomea ualimu. Sauti yake aliipandisha mbele ya watoto tu. Nje ya darasa ulilazimika kumsogelea ndipo umsikie.

Wasichana wake walikuwa kumi na wawili, na kila mmoja alipatikana kwa kuombwa. Alikwenda nyumba kwa nyumba mwaka mzima, akikaa mikekani na akina mama na kuondoka na ahadi zisizotimia. Wa kwanza kukubali alikuwa Kombo, kuli wa bandarini, mtu asiyekosa safu ya mbele msikitini. Alimtoa Mboni, binti yake wa miaka saba. Wengine wakasema, "Kombo kamtoa wake, sisi nani?" wakafuata. Jambo hilo lilimpa Bi Semeni furaha kidogo na hofu nyingi. Alijua kwamba Kombo akimrudisha Mboni nyumbani, chumba kitabaki na mikeka mitupu, na wasichana wale hawatapata mlango mwingine.

Hadi mwaka ule walijifunza herufi kwa kuandika mchangani. Sasa wazazi walikuwa wamekubali kila mtoto apate kitabu cha herufi chenye picha, akichukue mpaka nyumbani. Maana yake picha zingeingia nyumbani mwa watu kumi na wawili, zikatazamwe na baba, bibi na majirani. Picha moja mbaya ingetosha.

Vitabu vililetwa na Fanueli, Mshambaa wa Kilutheri aliyezunguka kwa baiskeli na sanduku la vitabu akiuzia shule ndogondogo. Alimpa Bi Semeni vitatu achague kimoja, akakaa kizingitini kujipepea kwa kofia. Bi Semeni aliviweka mkekani mbele yake, akainama kimoja baada ya kingine, uso karibu na karatasi.

"Mwalimu," akasema Fanueli, "hicho ni kitabu, si samaki. Mbona wakinusa?"

"Nakinusa kama baba zao watakavyokinusa."

Katika kitabu cha kwanza, kwenye M palikuwa na mbwa akimlamba mtoto kinywa. Alikifunga.

"Kwa mbwa mmoja tu?"

"Mbwa mmoja huyo, Bwana Fanueli, atalala juu ya miswala ya watu."

Cha pili kilikuwa na kengele ikining'inia kwenye nyumba yenye msalaba, na msichana wa sketi fupi.

"Kengele nimeelewa," Fanueli alisema. "Na huyu msichana kafanya nini?"

"Magoti."

"Magoti nayo?"

"Magoti hasa."

Cha tatu kilichorwa na mtu aliyeijua pwani. B bata, K kanzu, M mkeka, N nyoka, P paka. Alikipitia kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kutoka mwisho hadi mwanzo, kidole kikishuka juu ya kila picha. Halafu akaniita. "Mwalimu, njoo unitazamie. Macho yangu yameogopa, huenda hayaoni." Nilikitazama ukurasa kwa ukurasa. Nyoka alichorwa vizuri, wa kijani, amejikunja, ulimi nje. Jua lilikuwa utosini na chumba kimejaa mwanga. Nikamwambia sioni ubaya.

"Basi hiki," akasema, lakini mkono wake haukukiachia. "Bwana Fanueli, kama kuna kitu hujaniambia, niambie sasa."

"Kipo. Nina njaa."

Vitabu vilifika wiki iliyofuata, pamoja na mvua ya kwanza. Bi Semeni alivigawa na kuwapa watoto kanuni yake: nyumbani kila mtu asome kwa sauti, na kila neno alitaje mara tatu. Aliipenda kanuni hiyo kwa sababu bibi na mama wasiojua kusoma wangesikia na kujua kwamba mtoto anasoma kweli, hachezi. Niliisikia ng'ambo ya ukuta, na mimi pia niliiona nzuri.

Yaliyotokea nyumbani kwa Kombo alinieleza Kombo mwenyewe, na baadaye mama yake, Bi Asmahani. Hawakutofautiana.

Ilikuwa baada ya sala ya magharibi. Mvua ilikuwa imeacha, makuti bado yanadondoka. Mboni alikaa mkekani karibu na koroboi, akafungua kitabu chake na kusoma kwa sauti kama alivyofundishwa. Bi Asmahani, ambaye macho yake yalikwisha kuingia ukungu na hakuiona picha yoyote, alikaa kitandani akisikiliza na kutabasamu. Bata, bata, bata. Kanzu, kanzu, kanzu. Mkeka, mkeka, mkeka.

"Nyoka," akasoma Mboni. "Nyoka."

"Wee mwana!" Bibi alishtuka. "Jua limetua! Sema kamba!"

Kwetu pwani jua likishatua nyoka hatajwi. Huitwa kamba, kwa sababu jina lake ni mwito, na usiku yeye husikia. Mtoto hulijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Mboni naye alilijua, lakini mbele yake palikuwa na kitabu, na nyuma ya kitabu palikuwa na mwalimu.

"Bibi, hapa hapakuandikwa kamba," akasema. Akaimaliza hesabu yake. "Nyoka."

Kitu kikaanguka kutoka kwenye makuti, kizito, juu ya mkeka, upande wa pili wa koroboi. Kilikuwa cheusi. Kilijikunja, kikajikunjua, kikapita juu ya kitabu kilichofunguliwa. Mboni hakupiga kelele. Alipanda kitandani kwa bibi yake kwa namna ambayo hakuna aliyeielewa, na alipokuwa juu tayari ndipo Kombo, aliyefika mlangoni kwa mshtuko wa bibi, alipokwapua mchi wa kinu akaingia.

Akamuua nyoka yule. Mtoto hakuumwa, bibi hakuumwa. Lakini tangu saa ile Mboni hakusema neno, na hakukubali kuweka mguu chini.

Asubuhi Kombo alikuja darasani kabla ya kwenda bandarini. Alisimama nje, akiwa na kitabu amekifunga ndani ya kitambaa kama kitu kinachoweza kutoka.

"Mwalimu, chukua chako."

Bi Semeni alitoka. Nilimwona usoni kwamba alikwisha kuelewa kuwa pana jambo, ila hajui lipi. Kombo akamweleza kwa maneno machache. Kadiri alivyoeleza ndivyo Bi Semeni alivyouegemea ukuta.

"Mboni kaumwa?"

"Hakuumwa. Yuko juu ya kitanda kama kuku kwenye tundu la juu, haneni." Kombo alikiweka kitabu kizingitini, hakutaka kumpa mkononi. "Sikulaumu kwa nyoka, mwalimu. Nyoka wa Mungu wako kila pahali. Nakulaumu kwa kumwalika. Mara tatu! Hata mgeni wa heshima haitwi mara tatu."

"Baba Mboni, nisamehe."

"Nikusamehe, na mwenzake? Hawa hutembea wawili. Ijumaa baada ya sala nitakaa na wenzangu. Akija yule wa pili, au mtoto akiwa bado hivi alivyo, mimi wangu basi. Na wao watafanya wanavyoona."

Ilikuwa Jumatano. Bi Semeni aliingia darasani akakuta habari imemtangulia. Wasichana walikuwa wamevirundika vitabu vyao pembeni, mbali na mikeka. Mmoja, Praxeda, binti wa mpishi mmoja Mkatoliki wa Chumbageni, ndiye aliyesema waliyokuwa wakinong'ona.

"Mwalimu, aliyekuja kwa Mboni alikuwa mweusi."

"Ndiyo, Praxeda."

"Wa kitabuni ni wa kijani. Basi aliyeitwa bado hajafika. Yuko njiani."

Darasa zima lilimtazama Bi Semeni likingoja akanushe. Nilisimama ng'ambo ya ukuta na chaki mkononi, nami nikangoja. Hakukanusha. Baadaye aliniambia kwamba wakati ule ule alikuwa akisikiliza makuti juu ya kichwa chake.

Tulijaribu kurekebisha. Nilikata vipande vya karatasi, nikachora nazi juu ya kila kipande, naye akavibandika kwa uji wa muhogo juu ya picha ya nyoka. N ikawa nazi. Tulijiona tumefanya la maana. Alhamisi asubuhi alivigawa tena vitabu. Watoto walifika kwenye N, wakasimama hapo. Hakuna aliyetaka kuigusa karatasi. Msichana mmoja aliufunua ukurasa kwa kijiti cha ufagio.

"Amelala chini ya nazi," mwenzake alimwambia. "Usimkandamize, atazinduka."

Mchana ule akina mama wawili walikuja kuwachukua watoto wao kabla ya saa. Hawakusema kwa nini. Walisalimia vizuri, wakaondoka wakitazama chini walipokanyaga.

Fanueli alipita akielekea stesheni. Alisikia kisa chote akiwa amesimama na baiskeli yake, akatikisa kichwa. "Kile chenye mbwa kipo bado, mwalimu. Mbwa haangukii watu kutoka juu."

Bi Semeni hakucheka. "Kwenu nyoka hutajwa usiku?"

"Sisi humtaja saa yoyote, naye huja saa anayotaka." Alishusha sauti. "Chui ndiye tusiyemtaja. Ukiwa msituni, chui haitwi jina lake, hata mchungaji hathubutu."

"Basi ungenikumbusha."

"Nikukumbushe nini? Chui kitabuni hamna. Kila mtu huogopa wa kwao, mwalimu."

Alasiri ile Bi Semeni alivaa buibui lake akaenda kwa Kombo. Aliniomba nimsindikize, nikaenda, nikakaa barazani ambapo mlango uliokuwa wazi ulinionyesha ndani. Nyumba ilinuka moshi wa mpira wa gari, walikuwa wakiuchoma tangu juzi kufukuza kilichobaki. Mboni alikuwa juu ya kitanda cha kamba, magoti kidevuni. Alimtazama mwalimu wake, kisha akatazama juu kwenye makuti, akabaki hapo hapo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Semeni, si weye? Nimekujua kwa mwendo." Bi Asmahani aligeuza uso kuelekea sauti. "Mtoto wa Sadalla wa Mtang'ata. Niambie, mwanangu. Mamako hakukufundisha?"

"Alinifundisha, bibi."

"Kwamba usiku huitwaje?"

Jua lilikuwa bado lipo, lakini Bi Semeni alijibu kwa sauti ndogo, "Kamba."

"Basi ilikuwaje?"

"Nilikichagua mchana, bibi. Kila ukurasa niliutazama mchana. Niliogopa mbwa, niliogopa kengele, niliogopa magoti. Sikukumbuka kwamba watoto watasoma usiku."

Bi Asmahani akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mwalimu mzima! Umefunga madirisha yote, mlango ukauacha."

"Ndiyo, bibi."

"Na sasa wataka nini?"

"Nataka nikae na Mboni wakati wake wa kusoma. Leo."

Kombo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Wakati huo ndio wakati wa yule."

"Najua, baba Mboni. Ndiyo sababu naomba nikae mkekani, pale alipokaa yeye. Akija, anikute mimi."

Sikumtambua aliposema hivyo. Kombo alimtazama mama yake, na mama yake, asiyeona, akainua mkono mmoja kuruhusu.

Wakasali magharibi. Koroboi likawashwa. Bi Semeni alikaa mkekani, miguu ameikunja chini yake, kitabu mapajani. Mboni alikuwa juu kitandani nyuma ya bega lake. Kombo alikaa kwenye kizingiti na mchi magotini. Mimi nilibaki barazani, na nakiri kwamba niliinua miguu yangu nikaiweka juu ya ukuta wa baraza.

Alisoma kwa sauti ile ile ya darasani. "Bata, bata, bata." Mboni hakumfuata. "Kanzu, kanzu, kanzu." Alipofika kwenye mkeka, kitu kikachakarisha makuti upande wa ukuta wa nyuma. Kombo alisimama. Bi Asmahani akaanza kusoma Kuli-audhu, sura ya kujikinga, kwa kunong'ona. Yale makuti yakachakarika tena, karibu zaidi, juu ya mahali alipokaa Bi Semeni. Nilimwona jasho likimshuka shingoni. Hakuinua kichwa. Aliniambia baadaye kwamba alitaka kuinuka akimbie, na miguu yake ilikataa. Si ushujaa, alisema, ilikuwa imekufa ganzi.

"Mkeka," akamaliza. Akafunua ukurasa. Alikuja na kitabu kile kile cha Mboni, ambacho hatukukibandika nazi, kwa hiyo nyoka alikuwa pale, wa kijani, ulimi nje, katika mwanga wa koroboi. Bi Semeni aliweka kidole juu yake.

"Kamba," akasoma.

Kukawa kimya, hata juu ya paa.

"Kamba," akarudia.

"Mwalimu." Sauti ilitoka nyuma ya bega lake, imekauka kama ya mtu aliyeamka kutoka homani. "Mwalimu, umekosea. Hiyo si kamba."

Bi Semeni hakugeuka haraka. "Najua si kamba, Mboni. Lakini sasa ni saa gani?"

"Usiku."

"Usiku tunasoma nini hapa?"

Mtoto alifikiri. Akatazama juu kwenye makuti, akamtazama bibi yake. "Kamba," akasema.

"Vyema. Jina lake lile tutalisoma darasani jua likiwa juu. Hapa kwa bibi, usiku, ni kamba. Tena."

"Kamba."

Waliendelea hadi paka na kupita, sauti mbili, moja ya mwalimu na moja ndogo yenye mikwaruzo. Juu ya paa hapakusikika tena kitu. Kombo alizunguka nyumba nje na taa ya mkono, akapekua makuti kwa ufito, hakuona panya wala kitu kingine. Hilo halikumtuliza. "Kisichoonekana hakikuondoka," alisema. Nilipomuuliza kuhusu Ijumaa, alijibu kwamba Ijumaa ni kesho na kesho ina Mungu. Mboni alikuwa akisema sasa, hata aliomba maji. Lakini bibi yake alipomwambia ashuke akayachukue mwenyewe mtungini, alikunja miguu akalia.

Tulirudi gizani. Bi Semeni alitembea katikati ya njia, mbali na majani ya pande zote mbili. Mlangoni kwake aliniuliza, "Waonaje, Kombo atawaambia nini wenzake?" Nikamwambia sijui. Akasema naye hajui, na kwamba pengine alichokifanya jioni ile ni kumzoesha nyoka kitabu chake. Hakusema nyoka. Alisema kamba.

Asubuhi ya Ijumaa, mvua ikiwa imekatika na jua limepanda juu ya mapaa, alipiga hodi kwa Kombo. Mboni alikuwa amevaa, ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia bila kugusa chini. Bi Semeni hakumsihi ashuke. Alimgeuzia mgongo, akainama, mtoto akampanda, akamfunga kwa kanga kama mtoto mchanga, ingawa alikuwa mrefu na miguu yake ilining'inia hadi magotini kwa mwalimu. Akatoka naye njia kubwa ya Nguvumali, mbele ya milango ya nyumba zote, akitazama kila alipokanyaga. Akina mama walitoka kutazama. Kombo hakusema ndiyo wala hapana. Alichukua fimbo, akatangulia mbele yao, akiyapiga majani kulia na kushoto, mpaka mlangoni pa darasa.